Mifuko Sita ya Sufi

Fundi wa magodoro wa Langoni, mtaa wa mji wetu wa Amu, yaani Lamu, hakuwa mtu wa kukutazama usoni. Alikutazama makwapa. Ukiingia kibandani kwake na kutoa salamu alikuitikia vizuri, akakuuliza habari za nyumbani na za mama, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kushuka chini ya mabega yako na kutulia hapo, yakipima. Wasiomjua walidhani wananuka. Mimi nilidhani mabaya zaidi ya hayo, kwa sababu mimi ni mtu wa shaka tangu utoto. Mama alikuwa akisema kwamba nikipewa tende huitafuta kokwa kabla ya kuionja tende.

Jina lake silitaji. Waliokuwako watamjua, na wasiokuwako jina halitawaongezea kitu.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa karani wa boriti. Kazi yangu ilikuwa kuwafuata wakata mikoko katika vijito vya kisiwa cha Manda na vya upande wa bara, kuzihesabu boriti zao korija kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kuandika. Mashua haipiti kule maji yakitoka, kwa hiyo tulikwenda kwa mtumbwi, mimi mbele na Lali nyuma, kila mtu na kafi yake. Lali alikuwa mtu wa Faza, mpole, mgongo mpana, mwenye kuingia baharini kama wengine waingiavyo chumbani kwao. Ikatokea kwamba mtu mmoja wa kazi nyingine alizama huko Kiunga, na amri ikaja ofisini kwetu: asipande mtu mtumbwi wa Serikali bila koti la boya, yaani koti lisilo mikono, la kumfanya mtu aelee majini asizame.

Ofisi ilikuwa nayo mawili, yametoka melini, yametiwa vibao vya kizibo, lile gome jepesi la kuzibia chupa. Ukikaa mtumbwini vibao vilipanda vikakugonga kidevu. Ukivuta kafi vilikukwangua kwapa mpaka ngozi ikatoka. Na joto lake, saa sita mchana wakati wa kaskazi, kati ya mikoko pasipo upepo, sina la kulifananisha nalo. Lali alilivaa siku moja, akalivua, akalikalia. "Hapa ndipo mahali pake," alisema. Bwana Mkubwa wa ofisi akasikia kuwa Langoni yuko fundi anayeweza kushona koti la namna hiyo kwa sufi, ile ile ya magodoro, itokayo kwenye mti wa msufi. Akaniagiza nikashonewe moja la kujaribia. Likifaa, wapiga kafi wote wa ofisi watashonewa naye.

Hapo niseme nililokuwa nimelificha. Sikujua kuogelea. Mtoto wa Amu, nimezaliwa hatua mia kutoka pwani, na maji yakinifika kifuani moyo huniruka. Baba alifariki mapema na mama hakuniachia bahari. Nilipoomba kazi ile Bwana Mkubwa aliniuliza kama naweza kuogelea, nami nikamjibu kwamba mtoto wa Amu haulizwi swali hilo. Akacheka, akaandika ndiyo. Hata Lali hakujua. Ingejulikana, kazi ingeondoka siku hiyo hiyo, na mimi na mama tulikula kwa kazi ile.

Basi siku ya kwanza nilisimama mbele ya fundi nikanyoosha mikono kama mtu anayepimwa kanzu. Hakuinuka.

"Kaa tini," alisema. "Nguo ya kukaa haipimwi mtu umesimeme."

Nikakaa mkekani. Akachukua fagio lililokuwa pembeni, akanipa. "Piga kafi."

"Hapa?"

"Hapa. Nenda Mkanda urudi. Mimi nakungoja."

Nikapiga kafi hewani kwa fagio katikati ya kibanda, watu wakipita njiani na kuchungulia. Niliamini kabisa kwamba ananicheza shere. Lakini alikuwa amepiga magoti ubavuni pangu na kipande cha mkaa, akichora kwenye fulana yangu mahali mkono unapopita na mahali tumbo linapojikunja. Alinipeleka Mkanda, ule mkono mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, na kunirudisha, kulia kisha kushoto, mpaka jasho likanitoka, na jasho nalo akalichora, palipolowa kwanza na palipolowa baadaye.

"Hapa," alisema, akinigusa kati ya mgongo, "sitii kitu. Hapa pataka upepo."

Nikamwambia kwamba koti la meli lina kibao mgongoni.

"Koti la meli lashonewa mtu aliyesimeme akingoja kufa. Wewe wafanya kazi. Koti la kukuunguza utalivua, na ukisha kulivua ni sawa na huna."

Alikuwa na maneno ya namna hiyo, na alikuwa na majibu yote. Kitambaa kiwe marekani nyeupe, si kaki, kwa sababu kaki hulipenda jua. Koti liishie mbavuni, lisifike kiunoni, ili ukikunjika lisikupande kidevuni. Ubavuni pawe wazi, pafungwe kwa kamba tatu, upepo uingie huku utokee huku. Ukirudi ulisuuze kwa maji ya kisima, kwa kuwa chumvi ikikaukia huwasha kuliko upupu, na ulianike kivulini. Niliyasikiliza yote nikijiuliza mtu huyu ameyajulia wapi. Maana jambo la kwanza ambalo kila mtu wa Langoni angekuambia juu yake ni kwamba hakuwa na uhusiano wowote na bahari.

Hakupanda chombo. Si kwamba alipanda mara chache; hakupanda. Harusi ya binamu yake ilipofanyika Shela alikwenda kwa miguu pwani pwani, akaloa jasho mpaka kofia, na wenzake waliokwenda kwa mashua wakamkuta njiani wakamzomea. Manda anayoiona kila siku akiswali alasiri hakuikanyaga. Nilipomuuliza vipi anamshonea mtu nguo ya maji naye mwenyewe hayajui maji, hakukasirika.

"Naogopa mai," alisema. "Asoogopa mai atakushonea vibaya. Atasema, hapa patatosha."

Wengine waliona jibu hilo ni zuri. Mimi niliona ni jibu la mtu aliyeulizwa mara nyingi.

Jambo la pili ni kwamba alilala mkekani. Mabibi harusi wa Langoni hawakujihesabu wameolewa mpaka godoro la mkono wake liingie nyumbani, lakini yeye mwenyewe alilala kwenye mkeka mtupu, na kila mtu alijua. Alisema sufi humtia kikohozi, na ni kweli alikohoa. Bado mtu akipika asile, nani hatakitazama chungu mara mbili? Na shazia yake, ile sindano ndefu ya magodoro, hakumwazima mtu, ingawa angekuazima nyundo, mkasi na hata kanzu ya kuendea mazikoni.

Siwezi kumnyima haki yake. Tajiri mmoja alikuja nikiwapo, akataka magodoro manne, sufi juu na pamba ndani, yawe rahisi. Fundi alimtilia kahawa, akamwachia ainywe, akamtilia tena. Kisha akamwambia kwamba pamba hunywa na sufi hukataa, na kwamba yeye hawezi kuwaweka nyumba moja. Tajiri akacheka, akadhani ni mzaha. Alipofahamu kuwa amekwisha kufukuzwa alikuwa keshafika msikitini.

Siku hiyo hiyo fundi aliniuliza swali lililonikosesha usingizi. Alikuwa akinifunga kamba za ubavuni. "Ukianguka maini," alisema, "mikono yafanyaje?"

Nikaonyesha. Nilizungusha mikono kama nilivyowaona wengine wakiizungusha. Aliitazama ikizunguka, akasema, "Haya," akaendelea na kamba zake.

Koti lilipokuwa tayari lilikuwa na mifuko sita ya sufi, kila mmoja umefungwa peke yake: minne kifuani, mmoja nyuma kiunoni, na wa sita mto mdogo ulioshonewa nyuma ya shingo. Nikauliza huo wa nini. Alisubiri muuza samaki apite mlangoni, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Huo wa kuinua kitwa, kwa mtu ambaye hatokiinua mwenyewe."

Hakusema zaidi. Nilitoka pale na koti kwapani. Alikuwa amelijua. Mtu asiyejua kuogelea amemfahamu mwenzake kwa kutazama mikono tu, na tangu siku hiyo alikuwa na kitu changu mkononi mwake. Mwingine angemshukuru kwa ule mto. Mimi nilianza kumtafutia kasoro.

Kasoro haikuwa mbali. Fundi alishona mlango wazi, alikata mlango wazi, lakini alipofika kutia sufi alifunga mlango na dirisha, hata kama ni saa saba mchana na jua kali. Ungemsikia ndani akikohoa. Yeye alisema sufi hurushwa na upepo. Na katika nyumba iliyoshikana na kibanda kile aliishi na dada yake mkubwa, mjane, ambaye kazi yake ilikuwa kuwaosha maiti wa kike. Kwetu mwosha hupewa nguo za marehemu na malalo yake. Mji mzima ulimwona yule bibi akirudi mazikoni na furushi kichwani, na mara nyingine nyuma yake mpagazi na godoro. Godoro linaingia nyumba ya mwosha, na nyuma ya ukuta mtu anafunga mlango kutia sufi. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Watu walisema, kisha wakaagiza magodoro vile vile, kwa sababu hakuna aliyeshona kama yeye.

Mimi sikuagiza godoro. Mimi nilikuwa nimevaa roho yangu katika mifuko sita. Sufi iliyolaliwa miaka hushikana, ikawa nzito, ikanywa maji kama pamba. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, nami nikalichukulia neno hilo kama lilivyo.

Ijumaa moja baada ya swala, mama akiwa kwa jirani, nilikaa na wembe nikaufungua mfuko wa kwanza. Uzi wake ulikuwa umepitishwa kwenye nta ya nyuki, rangi ya asali, na kitambaa cha mfuko nacho kilikuwa kimesuguliwa nta mpaka kikateleza. Ndani nilikuta sufi nyeupe, mpya, laini, haina kokwa hata moja.

Hapo mtu mwingine angefunga. Mimi nilikaa nikifikiri: mfanyabiashara mdanganyifu huweka kizuri mbele. Nikaufungua wa pili. Ulikuwa mzuri. Kwa hiyo nikaufungua wa tatu. Kila mfuko mzuri ulinifanya niushuku zaidi unaofuata, na nilipomaliza mto wa shingoni yote sita ilikuwa wazi mkekani, na sufi ilikuwa moja, nyeupe, mpya. Sikufurahi. Niliona aibu, na aibu ikanitia haraka. Nikachukua sindano ya mama na uzi mweupe wa kawaida, nikaifunga mifuko yote kabla mama hajarudi. Kwa macho mshono wangu ulikuwa mzuri. Nta sikuwa nayo, na sikufikiri kama ilikuwa na kazi.

Wiki tatu nilipiga kafi na koti lile, na lazima niseme kwamba sikulivua hata siku moja. Mkono ulipita bila kuguswa. Upepo kidogo uliokuwapo ulipita ubavuni. Lali alinitania, akasema nimekwisha kupata godoro sasa natafutiwa mke, kisha akaomba na lake lishonwe upesi.

Mtumbwi ulipinduka Mkanda, asubuhi, maji yakitoka kwa nguvu. Tuligonga kisiki cha mkoko kilichojificha, tukaenda ubavu. Lali aliushika mtumbwi akavutwa nao upande mmoja. Mimi nilivutwa upande wa pili. Na koti likanichukua. Liliniinua mpaka maji yakawa chini ya kifua, mto ukakiinua kichwa changu, nikalala maji yakinibeba, mtu wa miaka ishirini na saba anayeelea kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Nakumbuka nilicheka.

Halafu maji yakafika mabegani. Nikadhani ni wimbi. Baada ya muda yakawa shingoni. Lali alikuwa mbali, ameufikisha mtumbwi kwenye mikoko, anautoa maji kwa mikono. Nikamwita. Yalipofika kidevuni koti lilikuwa limeanza kunivuta badala ya kunichukua, na mto wa shingoni umekuwa mzito. Nilimeza maji mara ya kwanza, na ya pili, na ya tatu sikuihesabu. Lali alifika na mtumbwi, akanishika kamba za ubavuni akanitupa ndani.

Nilipoacha kutapika aliniuliza, "Kwani huyui kuogelea?"

"Mguu ulikaza," nikasema. "Na koti limekunywa maji."

Akalivua, akaliminya juu ya magoti yake. Maji yalitoka kwenye mishono, yakifuata uzi mweupe tundu kwa tundu, mstari mzima. Lali alitazama mikoko. Mimi nilitazama maji yale. Nilijua nilichokiona, na nilikijua pale pale.

Sasa, baraza iliyokabiliana na kibanda cha fundi ilikuwa na watu wake wa kila siku, na jioni ile habari ilikuwa imenitangulia. Wakaniuliza. Ningeweza kusema koti lilifunguliwa. Lakini wangeuliza nani alilifungua, na kwa nini, na anayeogelea ana hofu gani hata afungue koti, na huko mwisho wake ni ofisini. Basi na mimi nikauliza. "Sufi yake huipata wapi?" nikasema. "Mwajua?"

Kisha mzee mmoja akasema, "Dada yake ni mwosha."

"Sikusema mimi," nikasema.

Nimeapa mara nyingi tangu siku hiyo kwamba sikusema uongo hata neno moja. Ni kweli. Niliuliza tu.

Bwana Mkubwa alimwita fundi ofisini. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na Kiamu hakukiweza, hivyo mkalimani nilikuwa mimi. Koti lilikuwa mezani, limekauka, limeshikana. Fundi alilichukua, akalitazama kama atazamavyo watu, moja kwa moja kwapani, kisha akapitisha kidole gumba juu ya mshono. Kidole kikasimama. Akapitisha kwenye mfuko wa pili, wa tatu, yote sita, polepole, na alipofika kwenye mto wa shingoni aliinua macho akanitazama usoni. Ilikuwa mara ya kwanza. Nikangoja aseme. Nilikuwa tayari nimekwisha kuchagua namna ya kulitafsiri lile atakalolisema, lisifike jinsi lilivyo.

"Mwambie," alisema, "mai yaliingia kwenye mshono."

Nikamwambia Bwana Mkubwa: anasema mshono ndio ulioingiza maji. Neno kwa neno. Bwana Mkubwa akashukuru, akaagiza makoti ya kizibo.

Baada ya hapo mambo hayakukawia. Bibi harusi mmoja alirudisha godoro, kisha wa pili. Watoto wakatunga neno la kumwimbia yule bibi mwosha apitapo, na mama zao wakawakemea kwa sauti ndogo. Magodoro ya Langoni yakaanza kushonwa na mtu wa mtaa wa Mkomani ambaye mto wake ulikuwa mgumu kama gunia la kunde. Fundi akawa mtu wa kutia viraka magunia na tanga. Mlango wake alianza kuuacha wazi siku nzima, kwa kuwa hapakuwa tena na sufi ya kutia, na watu wakasema, unaona, sasa auacha wazi. Jirani mmoja aliniambia kwamba ndugu wale wawili hawali tena sinia moja. Sikuuliza kwa nini.

Na mimi nikaanza kungoja. Mtu aliyenyamaza vile ana lake. Ameona uzi wangu, anajua mikono yangu haijui maji, na hakusema. Basi amelihifadhi, na siku moja atalitoa alitumie. Nilimpitia mbali. Nikimkuta msikitini nilichagua safu nyingine. Idi ikifika alinipa mkono kama wengine, na mimi niliuchunguza mkono ule kama kwamba umebeba kitu. Miaka mitano niliishi hivyo. Kuogelea sikujifunza, na Lali, ambaye nadhani aliyajua yote, alikuwa akikaa mtumbwini karibu nami kuliko ilivyohitajika.

Kisha nikapata uhamisho wa Mombasa. Siku ya kuondoka, mizigo yangu ikiwa imekwisha kushuka pwani, mtoto wa jirani akaja: fundi anaomba nipite kwake, ana neno moja. Nikasema moyoni, hili hapa. Amelingoja mpaka saa yangu ya mwisho. Nilikwenda nimejiandaa kukana.

Alikuwa amekaa chini na gunia mapajani, macho yake yamefanya ukungu. Aliponiitikia salamu alinitazama usoni, labda kwa sababu makwapa hakuyaona tena. Pazia la nyumbani lilikuwa nyuma yake, na nyuma ya pazia nilisikia mtu akipepeta mchele.

"Sikukuita kwa shari," alisema. "Wasafiri, na mimi sina muda mwingi. Nataka nikuulize, na unambie kweli. Lile koti ulipolifungua, ulikuta nini?"

Sikukana. Sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimejiandaa kwa swali lingine. "Sufi," nikasema.

"Sufi ya namna gani?"

"Nyeupe, Fundi. Mpya. Haina kokwa."

"Yote sita?"

"Yote sita."

Aliiweka shazia chini. "Alhamdulillahi," alisema. "Siku zile nali mgonjwa, kifua kimenifunga. Sufi ya koti lako alinitilia dada. Nilipoona uzi wako ofisini nilisema, huyu kafungua. Mtu akifungua mfuko wa kwanza akakuta kwema, hufunga. Huyu kafungua sita. Basi kakuta kitu, sufi iliyolaliwa. Nikaogopa usije ukakisema mbele ya yule Mzungu. Nikaja nyumbani, na dada sikumuuliza, lakini tangu siku hiyo sikumwachia sufi kuishika." Akatafuta pumzi. "Hebu nambie. Wa pili ulifungulia nini?"

"Kwa sababu wa kwanza ulikuwa mzuri," nikasema.

Nilimwona akilitafuta jambo hilo kwa vidole guniani, na kutolipata. Kisha akalipata.

"Basi wali ukiyua," alisema. "Pale barazani. Wali ukiyua."

"Nilijua."

Nyuma ya pazia ungo ulikuwa umenyamaza. Yule bibi hakutoka, na hakuinua sauti. Alizungumza kama mtu aliye na jambo la nyumbani la kuagiza.

"Mwanangu," alisema, "hukuyanena humu ndani. Uliyanena barazani. Wako pale. Kayanene barazani."

Fundi hakumkataza. Aligeuza uso upande wa mlango, akatega sikio.

Nikasimama, nikaomba radhi, nikatoka. Baraza ilikuwa hatua nne. Walikuwa watano, na yule mzee alikuwa kati yao, miguu ameikunja, tasbihi mkononi. Waliniona natoka kwa fundi wakanigeukia, wakingoja kusikia alikuwa na lipi. Njia ilikuwa nyembamba hata sikuwa na haja ya kupaza sauti. Nyuma yangu mlango ulikuwa wazi.

"Salaam aleikum," nikasema.

Wakaniitikia wote, wakanitakia safari njema, nikashuka pwani.